Uliona? Basi Sema: Kazi ya Shahidi Mtu Anapoumia

Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kusoma habari za malaria, maji ya kunywa, choo bora na chakula cha watoto. Leo somo letu ni la namna nyingine. Tutasoma habari za shahidi. Huenda unajiuliza: shahidi ana uhusiano gani na afya? Hayo si mambo ya mahakama?

Ndiyo, ni mambo ya mahakama. Lakini kesi ya mtu aliyeumizwa huanzia kwenye jeraha, na jeraha hupita zahanati. Mtu aliyevunjika mguu anahitaji dawa. Baada ya dawa anahitaji chakula, nauli ya kwenda hospitali na mtu wa kumlimia shamba. Kama ameumizwa kwa kosa la mtu mwingine, sheria inampa haki ya kudai fidia. Lakini pasipo shahidi, haki hiyo inaweza kupotea.

HABARI YA MAMA WA NJIA PANDA

Jioni moja, siku ya mnada, mama mmoja aliletwa kwenye zahanati ninayofanya kazi. Aliletwa juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Alikuwa amegongwa na pikipiki njia panda. Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti. Niliufunga kwa mbao nyembamba ili usicheze, nikampa dawa ya maumivu, kisha tukatafuta gari la kumpeleka hospitali ya wilaya.

Watu saba walimsindikiza. Nikawauliza, "Nani aliona alivyogongwa?" Wakatazamana. Mmoja akasema, "Sisi tulimkuta ameanguka tu, Daktari."

Lakini siku ile njia panda ilikuwa imejaa watu. Walikuwepo wauza nyanya, wauza mitumba, wachoma nyama na vijana wa bodaboda.

Kesi ilifika mahakamani baada ya miezi minane. Mwendesha pikipiki alisema, "Mama alikatiza barabara ghafla mbele yangu." Mama alisema, "Nilikuwa natembea pembeni, akanigonga kwa nyuma." Watu wawili, kila mmoja na maneno yake. Hakuna mtu wa tatu aliyesimama kusema alichokiona.

Ndipo nikaitwa mimi. Hakimu aliniuliza, "Alama za kugongwa zilikuwa upande gani wa mguu? Mbele, nyuma au ubavuni?" Nikatazama fomu niliyoijaza kwa mkono wangu. Nilikuwa nimeandika maneno manne tu: "Amevunjika mguu wa kulia." Upande sikuandika. Nilijitahidi kukumbuka. Nilihisi kwamba niliona uvimbe na mchubuko nyuma, kwenye shavu la mguu. Lakini tangu siku ile nilikuwa nimetibu wagonjwa wengi, na nilikuwa nimeapa kusema kweli. Sikuweza kuapa kwa jambo la kuhisi. Nikajibu, "Mheshimiwa, sikumbuki kwa hakika."

Mashtaka hayakuthibitika. Mwendesha pikipiki akaachiwa. Huenda alisema kweli, huenda hakusema. Mahakama haikupata mtu wa kuiambia.

Baadaye mama yule alikuja kliniki na mjukuu wake. Alikuwa anatembea kwa fimbo. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika, "Marahaba, mwanangu." Kisha akasema, "Mguu nimeuzoea. Kinachoniuma ni wale watu wa mnadani. Wananiuzia nyanya kila wiki, na waliona."

Hii ndiyo sababu ya somo hili. Watu wa njia panda walikosea kwa kukaa kimya. Na mimi nilikosea kwa kutoandika vizuri nilichokiona.

SHAHIDI NI NANI?

Tanzania Bara inayo Sheria ya Ushahidi. Ilitungwa mwaka 1967, na imerekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Kwa sheria hiyo, shahidi anatakiwa aseme jambo alilolijua yeye mwenyewe. Kama ni jambo la kuonekana, aseme aliyeliona. Kama ni jambo la kusikika, aseme aliyelisikia.

Tutazame mfano. Ukiona panga likishuka, wewe ni shahidi wa panga. Ukisikia ukelele tu, wewe ni shahidi wa ukelele. Ukisimuliwa na jirani, basi jirani ndiye shahidi. Mahakama itamtaka yeye, haitakutaka wewe.

Watu wengine hudhani kwamba shahidi lazima awe mwanamume, au mzee, au mtu aliyesoma. Sivyo. Mwanamke na mwanamume ni sawa. Mtoto wa miaka 14 au chini ya hapo pia anaweza kusema mahakamani, kama akiahidi kwamba atasema kweli wala hatasema uongo.

Wengine hudhani kwamba mashahidi wakiwa wachache kesi haiwezi kusimama. Hilo nalo si kweli. Sheria haikuweka idadi ya mashahidi. Shahidi mmoja anayeaminika anaweza kutosha. Kwa hiyo usiseme, "Wenzangu watasema." Pengine wewe ndiye huyo mmoja.

KAZI YA KWANZA: OKOA MAISHA

Shahidi mwema haanzi na maneno. Anaanza na mikono. Ukikuta mtu ameumia, fanya haya:

1. Tazama kwanza kama kuna hatari. Kama ni barabarani, weka matawi mbali kidogo, pande zote mbili, ili magari yapunguze mwendo. Baadaye uyaondoe.

2. Ita msaada. Kama una simu, piga 112 upate polisi.

3. Kama damu inatoka kwa wingi, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi. Vaa mipira ya mikono, au jifunge mfuko wa plastiki, ili damu isikuguse. Kitambaa kikilowa usikitoe. Weka kingine juu yake, uendelee kukandamiza. Usitie udongo, majivu, kinyesi cha ng'ombe wala mafuta ya taa.

4. Kama kisu au mshale umebaki mwilini, usiuchomoe. Ukichomolewa, damu inaweza kutoka zaidi. Ufunge usicheze, umpeleke mgonjwa hivyo hivyo.

5. Kama amezimia lakini anapumua, mlaze ubavu ili matapishi yasimzibe koo.

6. Kama ameanguka kutoka juu ya mti, au amegongwa na gari, usimbebe kwa kumshika mikono na miguu kama gunia. Shingo au mgongo unaweza kuwa umevunjika. Mwekeni juu ya ubao au mlango, watu wanne au zaidi, kichwa na mwili vikiwa vimenyooka pamoja.

7. Kama ameungua, mwagia sehemu hiyo maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta.

8. Mtu aliyeumia sana usimpe chakula wala kinywaji. Huenda atahitaji kupasuliwa.

Usimchoshe majeruhi kwa maswali. Lakini kama yeye mwenyewe anamtaja aliyemuumiza, yashike maneno yake kama alivyoyasema. Majeruhi akifariki, sheria inairuhusu mahakama kupokea maneno aliyoyasema juu ya sababu ya kifo chake. Hayo ni maneno mazito. Usiyaongeze, wala usiyapunguze.

KAZI YA PILI: TAZAMA NA KUKUMBUKA

Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitoa hukumu ambayo mahakimu wanaifuata mpaka leo. Ilihusu jinsi ya kumtambua mtu kwa macho. Mahakama ilisema kwamba shahidi wa macho anaweza kukosea hata kama si mwongo. Kwa hiyo ni lazima aulizwe maswali. Maswali makubwa ni haya manne:

(a) Ulimwona kwa muda gani?
(b) Alikuwa umbali gani kutoka ulipokuwa?
(c) Kulikuwa na mwanga gani?
(d) Je, ulikuwa unamfahamu kabla ya siku hiyo?

Yakariri maswali haya kama ulivyokariri a, e, i, o, u darasani. Siku moja yatakufaa.

Umbali upime kwa hatua. Baada ya majeruhi kupelekwa zahanati, rudi mahali uliposimama, uhesabu hatua. "Hatua 12" ni bora kuliko "karibu karibu." Kama ilikuwa usiku, kumbuka mwanga ulitoka wapi. Ulikuwa mbalamwezi, kandili, tochi au taa ya sola? Ulimpiga usoni au mgongoni? Usiseme tu, "Kulikuwa na taa." Taa ya jikoni haiangazi mpaka zizini.

Kama mtu humjui, kumbuka urefu wake, nguo zake, sauti yake, na alama yoyote mwilini. Kama ni gari au pikipiki, shika namba yake, rangi yake, ilikotoka na ilikoelekea. Namba ni kitu kikubwa. Kwa sheria, kila gari na pikipiki inayotembea barabarani lazima iwe na bima kwa ajili ya watu wengine watakaoumizwa nayo. Ukiipata namba, mwenye chombo hujulikana, na bima yake hujulikana. Ukiikosa, majeruhi hajui amdai nani.

Tena, linda vitu vya mahali pale. Panga lililotumika lisiguswe mpaka polisi wafike. Nguo zenye damu zisifuliwe. Ziache zikauke kivulini, kisha zitie katika mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki huzifanya zioze. Kama pikipiki lazima isogezwe ili kumwokoa mtu, weka mawe pale magurudumu yalipokuwa. Ukiwa na simu ya picha, piga picha za barabara na vyombo, uzipeleke polisi. Lakini usisambaze picha za majeruhi. Mwili wa mtu si tangazo.

KAZI YA TATU: ANDIKA, NA USEME MAPEMA

Ndugu msomaji, umejifunza kusoma na kuandika. Hapa ndipo kalamu yako inapopata kazi. Kichwa husahau. Daftari halisahau. Siku hiyo hiyo, kaa chini uandike ulichokiona. Kesi inaweza kusikilizwa baada ya miezi mingi. Mimi nilishindwa baada ya miezi minane.

Muuza nyanya mmoja wa njia panda angaliweza kuandika hivi:

"Tarehe 14 Juni, saa 10 jioni. Nilikuwa nauza nyanya njia panda. Nilikuwa hatua 12 kutoka barabarani. Kulikuwa na jua. Niliona mama mwenye kanga nyekundu akitembea ukingoni mwa barabara, upande wa kushoto. Niliona pikipiki nyeusi ikija nyuma yake. Ilimgonga mguu wa kulia. Mama alianguka. Sikuona uso wa mwendeshaji. Sijui ilikuwa mwendo gani."

Ni sentensi fupi, kama hizi unazosoma. Tazama pia sentensi mbili za mwisho. Mwandishi ameandika hata yale ambayo hakuyaona. Huo ndio ukweli kamili. Shahidi anayesema "hili sikuliona" huaminika zaidi anaposema "hili niliona."

Baada ya kuandika, toa habari mapema. Mweleze mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, nanyi mwende polisi. Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo hupata nguvu ya kuaminika. Akikaa kimya kwa wiki kadhaa bila sababu, hakimu atajiuliza: kwa nini hakusema? Amefundishwa na nani?

Polisi wataandika maelezo yako. Kabla ya kutia sahihi, yasome mwenyewe, pole pole, mpaka mwisho. Kama kuna neno ambalo hukulisema, omba lisahihishwe. Hapo zamani wengi wetu tulibonyeza dole gumba juu ya maneno tusiyoyajua. Wewe sasa unaweza kuyasoma. Hiyo ni faida kubwa ya elimu ya watu wazima.

FOMU YA POLISI NA KAZI YA MGANGA

Mtu aliyepigwa, aliyekatwa au aliyegongwa hupewa fomu kituo cha polisi. Inaitwa PF3, yaani Fomu ya Polisi Namba 3. Huja nayo zahanati au hospitali. Mganga huandika ndani yake alichokiona mwilini. Lakini mtu mahututi atibiwe kwanza, fomu ifuate. Msimzungushe kutafuta karatasi huku damu inamwagika.

Mganga naye ni shahidi. Anaweza kusema jeraha liko wapi, lina urefu gani, lina kina gani, ni jipya au la siku nyingi, na limefanywa na kitu cha namna gani. Jeraha la panga kingo zake zimenyooka. Jeraha la rungu huwa limechanika na kuvimba. Tangu kesi ya yule mama, mimi huandika upande, huandika urefu, na huchora mchoro mdogo wa mwili na kutia alama. Nawe ukiwa mgonjwa, usione haya kuniambia, "Mganga, andika na hapa mgongoni."

Lakini mganga hawezi kusema ni nani aliyefanya. Jeraha linaonyesha panga. Halionyeshi mkono ulioshika panga. Mganga hakuwepo. Ndiyo maana fomu peke yake haitoshi, na shahidi wa macho anahitajika.

Kuna jambo jingine linalonisikitisha. Mama anakuja amevimba jicho, anasema, "Nilijigonga mlangoni." Kijana anakuja amekatwa mkono, anasema, "Nilianguka na shoka." Baada ya wiki mbili wanabadilisha maneno, wanasema walipigwa. Wakati huo daftari la zahanati limekwisha andikwa "mlango" na "shoka." Yule aliyewaumiza atalishika daftari hilo kujitetea. Ndugu yangu, mweleze mganga kweli tangu siku ya kwanza. Kama umekuja na mtu unayemwogopa, omba kuzungumza na mganga peke yako.

SIKU YA MAHAKAMA

Ukiletewa hati ya wito, yaani samansi, ni amri ya mahakama. Usiitupe. Usipokwenda bila sababu, mahakama inaweza kuamuru ukamatwe. Kama unaumwa au umefiwa, peleka habari mapema.

Usiogope lugha. Mahakama ya Mwanzo huendesha kesi kwa Kiswahili. Na tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote nchini.

Utaambiwa usubiri nje mpaka zamu yako, ili usisikie maneno ya mashahidi wengine. Ukiingia, utaapa kwa dini yako. Kama huna dini, utathibitisha kwamba utasema kweli. Kisha utaulizwa maswali na upande uliokuita. Baadaye upande wa pili utakuuliza. Maswali yao yanaweza kuwa makali. Usikasirike. Hiyo ni haki ya mshtakiwa, na siku moja anaweza kuwa wewe.

Jibu ulichoulizwa, basi. Kama hukumbuki, sema, "Sikumbuki." Kama hukuona, sema, "Sikuona." Usimwongezee mtu kosa kwa kuwa humpendi, wala usimpunguzie kwa kuwa mmechanjia kuni pamoja. Kusema uongo kwa makusudi baada ya kuapa ni kosa la jinai, na adhabu yake ni kifungo. Tena uongo wako unaweza kumfunga mtu asiye na hatia.

NJIA MBILI ZA HAKI

Majeruhi anazo njia mbili. Ya kwanza ni kesi ya jinai. Hapo Serikali humshtaki mtu aliyeumiza, na kosa lazima lithibitishwe bila kuacha shaka ya maana. Ya pili ni kesi ya madai. Hapo majeruhi mwenyewe hudai fidia. Mahakama hupima pande mbili kama mizani ya pamba, itazame upande upi ni mzito zaidi. Anayedai ndiye anayetakiwa kuthibitisha.

Madai ya kuumizwa yana muda wake. Kwa Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971, mtu anayo miaka 3 ya kufungua madai ya namna hiyo. Usingoje mpaka mashahidi wahame au wafe. Tunza karatasi zote za matibabu, stakabadhi za dawa na tiketi za nauli. Hizo nazo ni mashahidi wasiozeeka. Kama huna fedha za wakili, uliza habari za msaada wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na baadhi yao wako vijijini.

Je, kumalizana nyumbani? Ugomvi mdogo wazee wanaweza kuusuluhisha. Lakini mtu aliyevunjika, aliyekatwa, aliyebakwa au aliyezimia lazima habari zake zifike polisi. Mbuzi mmoja halipi mguu. Na kama mmepatana juu ya fidia ya jambo dogo, andikeni: nani analipa, kiasi gani, lini. Pande zote zitie sahihi mbele ya mashahidi wawili.

HOFU ZETU

Nimewauliza watu kwa nini hawasemi. Hutoa majibu haya.

"Polisi watanishika mimi." Kutoa habari si kosa. Nenda pamoja na mwenyekiti au mtendaji, ili kijiji kijue kwamba umekwenda kwa hiari.

"Nitapoteza siku ya shamba." Ni kweli, siku itapotea. Lakini yule mama amepoteza misimu mizima. Majirani wanaweza kumlimia shahidi siku anayokwenda mahakamani. Huo nao ni msaada kwa majeruhi.

"Aliyeumiza ni ndugu yangu." Hili ni gumu, wala sitalifanya jepesi. Lakini kumbuka kwamba aliyeumizwa naye ana ndugu. Kijiji ambacho kila mtu huficha wa kwao, hakuna aliye salama ndani yake.

"Nimetishwa." Usinyamaze. Iko Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Anayekutisha anaongeza kosa jingine. Peleka habari polisi mara moja, na umwambie mtu unayemwamini.

MWISHO

Ndugu msomaji, somo la leo tunaweza kulifupisha hivi. Okoa maisha kwanza. Tazama vizuri. Andika siku hiyo hiyo. Sema mapema. Sema ulichokiona wewe, bila kuongeza wala kupunguza. Nasi wa zahanati tunapaswa kuandika kwa ukamilifu.

Mguu uliovunjika mganga huufunga. Lakini ukweli wa njia panda sina katika kabati langu la dawa. Uko machoni pako.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini mganga hawezi kusema ni nani aliyemuumiza mgonjwa?
2. Taja maswali manne anayoulizwa shahidi wa macho.
3. Jirani amekusimulia kwamba aliona ugomvi kilabuni. Nani ni shahidi, wewe au yeye?
4. Katika kijiji chenu, ni mambo gani yanayowafanya watu wanyamaze? Kikundi chenu kinaweza kufanya nini?

ZOEZI

Leo jioni simama nje ya nyumba yako kwa muda wa kuhesabu moja mpaka thelathini. Kisha ingia ndani uandike sentensi tano za mambo uliyoyaona, na sentensi moja ya jambo ambalo hukuliona vizuri. Kesho mpe mwenzako aliyesimama mahali pale pale mlinganishe. Mtaona jinsi macho mawili yanavyotofautiana, na kwa nini kalamu inafaa.

MANENO YA KUJIFUNZA

Fidia: malipo anayopewa mtu kwa hasara au maumivu aliyopata.
Jinai: kosa ambalo Serikali humshtaki mtu.
Madai: kesi ya mtu anayemdai mwenzake haki yake.
Majeruhi: mtu aliyeumia.
Mtuhumiwa: mtu anayedhaniwa kufanya kosa, lakini bado halijathibitishwa.
Samansi: hati ya kumwita mtu mahakamani.